Mkono Uliokaa Bure Nao Ukapata Nguvu: Shajara ya Vyuma na Kafi, Igombe

Jumapili, 22 Juni 2025

Leo tumeanza, na tumeanza vibaya.

Vijana kumi na mmoja wa mtumbwi wetu wa mashindano walifika saa moja asubuhi nyuma ya karakana yangu hapa Igombe, mwalo wa wavuvi wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, wengine bado wana magamba ya dagaa kwenye mashati. Wa kumi na mbili alikuwa amekwenda kulishangaa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Alhamisi. Nimemsamehe. Hata mimi nitakwenda.

Ninachotaka kujua ni hiki: vyuma, yaani mazoezi ya kunyanyua uzito, vinaufanya nini mkono na mguu wa mpiga kafi? Unene unaongezeka kiasi gani, nguvu inaongezeka kiasi gani, na je, hivyo viwili vinakwenda pamoja au kila kimoja kina safari yake? Hapa mwaloni kila mwenye mabega mapana ana jibu lake. Mimi nataka namba.

Sitatumia majina. Kila mmoja ataitwa kwa kiti chake: Kushoto 1 hadi 6, Kulia 1 hadi 6.

Vifaa ni tepu ya fundi cherehani, mpya, na mzani wa saa wa kuning'iniza, wa kilo 100, nilioazima kwa wakala wa sangara. Fremu nimeichomelea mwenyewe. Kijana anakaa, kiwiko kimelala kwenye ubao na kimekunjwa kona mraba, mkanda wa ngozi umezunguka kifundo cha mkono, mnyororo unashuka hadi kwenye mzani uliofungwa chini. Anavuta. Mshale ukitulia kwa sekunde tatu, nasoma. Akivuta kwa kushtua, mshale unaruka hadi arobaini na vijana wanashangilia, lakini hiyo siandiki. Kwa mguu anakaa juu ya meza, mnyororo unapita nyuma, anasukuma mbele kama anayepiga mpira.

Nimepima wote kumi na mmoja. Namba zipo daftarini.

Jumanne, 24 Juni

Namba zote za Jumapili nimezifuta.

Nilikuwa najiuliza kwa nini Kulia 4, ambaye si mkubwa wa umbo, amevuta kilo 27 wakati majitu kama Kushoto 3 yanavuta 19. Jibu nimepewa na mama muuza uji: Kulia 4 hakwenda ziwani Jumamosi. Wenzake walikesha wakivuta nyavu, wakatoka majini moja kwa moja hadi kwenye mzani wangu. Nilipima uchovu, nikauita nguvu.

Kama ningeendelea hivyo, baada ya wiki tano ningewapima wakiwa wamelala vizuri, kila mmoja angeongeza kilo tano, nami ningejipongeza kwa kazi iliyofanywa na godoro.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, watu wanapumzika. Basi kalenda yetu haitakuwa ya Januari hadi Desemba, itakuwa ya mwezi wa angani. Tutapima kila mbalamwezi, wakiwa na angalau usiku mbili za usingizi. Giza likirudi, wavue.

Jumapili, 29 Juni

Leo nilijipima mimi kabla ya kuwapima watu. Nilichukua mkono wa kulia wa Kushoto 1, nikauzungushia tepu mara tatu ndani ya nusu saa: 29.8, 30.4, 30.1. Mkono ule ule, tepu ile ile, mpimaji yule yule. Tofauti ni zaidi ya nusu sentimita!

Tatizo ni mahali. Mkono si bomba la maji, ukishuka kidole kimoja unapata namba nyingine. Njia sahihi ni kutafuta mfupa wa ncha ya bega, kutafuta ncha ya kiwiko, kupima umbali kati yake na kuweka alama katikati kabisa. Paja vivyo hivyo, katikati ya kinena na ukingo wa juu wa goti. Maka peni inafutika kwa maji ya ziwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo nimemlipa dada mmoja anayepamba maharusi awachore vijistari vya piko. Vijana walilalamika kwamba wanachorwa kama bibi harusi, kisha wawili wakaomba na ua dogo pembeni.

Kwa alama hizo tofauti yangu imeshuka hadi milimita mbili au tatu. Nimeandika kwa wino mwekundu juu ya daftari: chini ya nusu sentimita, usiamini.

Jumapili, 6 Julai

Kipimo cha kwanza cha kweli. Mwezi mpevu ni Alhamisi, ziwa limeanza kupumzika, watu wamelala. Nimepima saa moja asubuhi kabla ya zoezi lolote, mkono ukining'inia bila kukazwa. Kabla ya hapo nilining'iniza ndoo yenye lita 20 za maji kwenye mzani. Maji lita moja ni kilo moja, hayana ujanja. Mzani umesema kweli.

Nilichokiona kwanza ni kwamba hakuna hata mmoja mwenye mikono miwili inayolingana. Anayekaa kulia anashika kafi kwa mkono wa kulia chini karibu na maji, wa kushoto juu kwenye mpini. Wa chini unavuta, wa juu unasukuma. Fanya hivyo miaka sita na mkono wa chini unakuwa mwingine. Wastani wa mkono wenye nguvu: sentimita 30.2, kilo 23.9. Mkono dhaifu: sentimita 29.6, kilo 21.8.

(Namba ninazoandika hapa ni za wale tisa waliofika mwisho. Nimerudi kuzisahihisha Oktoba. Watatu walioondoka walikuwa dhaifu kuliko wenzao, na kama ningewaacha kwenye wastani wa mwanzo na kuwatoa kwenye wa mwisho, ningejipatia maendeleo ya bure.)

Jambo la fundi: kilo za kwenye mzani si kilo za msuli. Msuli wa mbele wa mkono umejishikiza sentimita nne au tano tu kutoka kwenye kiungo cha kiwiko, mkanda wangu uko sentimita ishirini na kitu. Ni sawa na kufungua nati kwa kushika spana karibu na kichwa chake. Kijana akivuta kilo 24 kwenye kifundo, msuli wenyewe unavutwa kwa zaidi ya kilo 120. Ndiyo maana pia Kulia 6, mwenye kigasha (kutoka kiwiko hadi kifundo) kirefu cha sentimita 27, anaonekana dhaifu mbele ya Kushoto 1 mwenye 23. Silinganishi mtu na mtu, nalinganisha mtu na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Mpango. Kwa wiki tano, kila kijana atafanya vyuma kwa mkono mmoja tu, ule dhaifu. Mwingine utaendelea na kafi na nyavu kama kawaida. Nataka uwe shahidi: tukiona mkono wa vyuma umeongezeka na shahidi amebaki pale pale, tutajua ni vyuma, si ugali wala hali ya hewa.

Walipinga. Kushoto 3 alisema, "Kocha, utatugeuza kaa. Gando moja kubwa, jingine dogo." Nikamwambia kaa yupo tayari, tepu imeshamwonyesha. Tunamrekebisha.

Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi ya lita nne yaliyojazwa zege na paipu ya inchi moja. Zege ni kama kilo 2.3 au 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo linatoka na kilo tisa na kitu. Hiyo "na kitu" ndiyo balaa: makopo mawili niliyodhani ni mapacha yamepishana gramu 900. Yote yamepita kwenye mzani na kuandikwa uzito kwa rangi nyeupe. Kwa miguu ni viroba vya mchanga, vya mchanga mkavu ndani ya nailoni, maana mchanga ukilowa unaongezeka uzito bila kukuaga.

Utaratibu nimeuchukua kwa Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani huko Chicago. Mwaka 1945 aliandika jinsi alivyowarudishia nguvu askari walioumia magoti kwa kuwanyanyulisha mizigo mizito, wakati madaktari wengi waliamini mgonjwa apewe mzigo mwepesi arudie hadi achoke. Yeye alitafuta uzito ambao mtu anauweza mara kumi na si kumi na moja, akaufanya kipimo. Mwanzoni aliwapa seti nyingi, yaani mizunguko ya kunyanyua mara kumi, baadaye akapunguza hadi tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzito ule, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa wote. Ukiweza kuzidisha mara kumi, uzito unapanda. Kwa watu wenye makopo ya zege na muda mchache, sijaona mpango bora kuliko huu.

Alhamisi, 17 Julai

Tajiri wa boti amenipigia simu saa kumi na moja alfajiri, na hakuanza kwa salamu.

Jumatatu nilianza zoezi la kuchuchumaa na kiroba. Nilisisitiza washuke polepole, hesabu nne, kwa kuwa kuteremsha mzigo kunaujenga msuli sawa na kuupandisha. Niliwapa seti tano, ujinga wangu. Jana usiku giza lilikuwa limerudi, wakaingia ziwani, na wanne walishindwa kuinama kuvuta nyavu. Maumivu ya aina hii hayaji siku ile ile. Yanakuja kesho yake, na siku ya pili ndiyo kilele. Nililijua hilo na sikulihesabu.

Nimekwenda kumwomba radhi. "Mzee, kosa ni langu, si la vijana." Akasema, "Mwalimu, mimi sina shida na misuli. Nina shida na dagaa." Tumekubaliana: siku za giza, zoezi ni mara moja kwa wiki tu, seti mbili, na si siku inayotangulia usiku wa kuvua. Mzigo hautapungua uzito, zitapungua siku. Msuli unaposhakuwa na nguvu hauhitaji kazi nyingi kuitunza, ilimradi ukumbushwe uzito ule ule.

Jumapili, 20 Julai

Kuhusu chakula. Kulia 2 ameniuliza kuhusu unga wa kopo anaouona mjini. Nimemfanyia hesabu. Ana kilo 62. Anayefanya vyuma akila kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya hapo haimwongezei kitu cha maana. Kwake ni kama gramu 100. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Gramu mia moja za sangara mbichi zina karibu ishirini. Ongeza maharage, maziwa, mapanki (mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa) yaliyochemshwa. Kijana analala juu ya magunia ya protini halafu anataka kuinunua kwenye kopo.

Tatizo lao halisi ni ugali wenyewe. Siku za giza wanakula mara moja, na mwili wenye njaa haujengi ukuta mpya. Nimewaomba waondoke na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye boti.

Jumapili, 27 Julai

Tumebaki tisa. Wawili wamehamia kambi ya dagaa kisiwani, mmoja kasema mikono yake inatosha.

Jumamosi, 2 Agosti

Kushoto 2 haendi mbele. Wenzake wote wamepanda uzito, yeye yupo pale pale na anapumua kama mzee. Nilimpeleka zahanati nikidhani ni malaria. Ni kichocho. Wamemsimamisha kwenye kijiti cha kupimia urefu, wakampa vidonge kulingana na kimo chake. Wavuvi wanaoshinda na miguu majini tunapaswa kumeza dawa hizo bila kusubiri kuugua, na mimi ninayejiita kocha sikuwahi kuuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Jana mwezi ulikuwa mpevu. Kipimo cha pili, wiki tano kamili. Ndoo ya maji: kilo 20. Piko imechorwa upya.

Mkono wa vyuma: kutoka kilo 21.8 hadi 25.4. Unene: kutoka 29.6 hadi 29.9.

Yaani nguvu imepanda kwa karibu asilimia 17, na unene kwa milimita tatu, ambazo kwa sheria yangu ya wino mwekundu siruhusiwi hata kuziamini. Kushoto 3 alikasirika. Alidai mkono wake umejaa, jana jioni baada ya zoezi fundi nguo wa mtaani alimpima akapata sentimita moja na zaidi. Ni kweli alipata. Baada ya zoezi damu na maji vinajaa kwenye msuli, unavimba, na baada ya saa kadhaa unarudi. Ule ni unene wa kupigia picha.

Lakini habari ya leo ni ya shahidi. Mkono ambao haukugusa kopo hata siku moja umetoka kilo 23.9 hadi 25.2. Unene wake: 30.2, umebaki 30.2.

Nilirudia kuvuta kwa watu wanne nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kumbe si jambo geni. Mwaka 1894 Edward Scripture na wenzake wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, waliufundisha mkono mmoja wa mtu, wakakuta na mwenzake umeongeza nguvu. Shahidi wangu hakuwa na hatia, lakini hakuwa mgeni na kesi pia.

Nguvu hiyo imetoka wapi, kama nyama haikuongezeka? Imetoka kichwani, na hapa sina maana ya kujipa moyo. Msuli una nyuzi nyingi sana, na mishipa ya fahamu ndiyo inayoziamrisha. Mtu asiyezoea mzigo mzito hawezi kuziita zote kwa pamoja. Nyingine zinachelewa, nyingine hazifiki, na msuli wa nyuma ya mkono huo huo unakaza bila kuombwa na kumzuia. Wiki za kwanza za vyuma ni za kujifunza kuita. Wataalamu wawili, Moritani na deVries, walilionyesha hilo mwaka 1979: nguvu ya mwanzo inatoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu, unene unachukua zamu baadaye. Na ubongo unapojifunza kuuita mkono mmoja, somo linavuka hadi wa pili.

Vijana walielewa nilipowakumbusha mwaka tulioanza. Kafi kumi na mbili, kila mmoja akichovya kwa saa yake, maji yanaruka, mtumbwi unayumba. Hatukuongeza mtu. Tulipata mpiga ngoma wa kuhesabu, na mtumbwi ule ule ukaanza kukata maji.

Kuanzia kesho mikono yote miwili inaingia kazini.

Jumapili, 24 Agosti

Kina dada wa mtumbwi wa pili wamekuja kutazama. Mmoja wao alinivuta pembeni: "Kaka kocha, nikinyanyua hivi sitakuwa na mabega kama ya mume wangu?"

Nikamwambia mume wake anatamani yangekuwa rahisi hivyo. Kwa hesabu ya asilimia mwanamke anaongeza nguvu sawasawa na mwanaume anayeanza naye. Unene wa kuonekana ndio unaokuwa mdogo, kwa sababu anaanza na msuli mdogo na homoni ya kiume mwilini mwake ni kidogo sana. Kasema atazungumza na wenzake. Wakija, nitahitaji makopo ya lita mbili.

Jumatatu, 8 Septemba

Kipimo cha tatu. Jana usiku mwezi ulipatwa. Kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne usiku ulikuwa mwekundu kama tofali, mwalo mzima ukiwa nje. Watu wamelala kwa kuchelewa lakini wamelala.

Ndoo ya maji leo imesoma kilo 20.6! Wakala aliuchukua mzani Ijumaa akapimia sangara, nadhani wamezidisha mzigo na springi imelegea. Nimejaribu kwa lita 10 ikasoma 10.3, kwa hiyo inadanganya kwa uwiano, asilimia tatu. Kila namba ya leo nimeigawa kwa 1.03. Bila ndoo ile ningekuwa nimewapa vijana karibu kilo nzima ya zawadi.

Baada ya kusahihisha: mkono uliokuwa dhaifu, kilo 26.9 na sentimita 30.3. Wa pili, kilo 26.8 na sentimita 30.4. Unene wa mkono uliotangulia kazini sasa umevuka mstari wa wino mwekundu. Kwa mara ya kwanza naweza kusema kwa mdomo wangu kwamba mkono umenenepa.

Kulia 5 ni wa peke yake. Amepungua kilo mbili za mwili tangu Julai, mkono umepungua milimita nne, na anavuta kilo 2.3 zaidi. Tepu haijui kutofautisha nyama na mafuta. Nadhani amepoteza mafuta na kuongeza msuli kidogo, tepu ikaona hasara. Nilijaribu kupima kunjo la ngozi kwa vernia ya karakana nitoe hesabu ya mafuta, lakini taya za chuma zinabana ngozi kama koleo na kila mara nilipata namba mpya. Nimeacha.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo hakuna aliyetaka kunyanyua chochote kabla ya kuzungumza habari za Simbu. Usiku wa manane kwa saa zetu, huko Tokyo, Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia, ya kwanza kwa Tanzania. Saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros kaandikiwa muda ule ule. Wametenganishwa na mia tatu za sekunde.

(Nimeandika vibaya kwa furaha. Ni sehemu tatu za mia za sekunde.)

Basi Kulia 1 akaniwekea simu usoni: "Kocha, ona miguu hii. Fito. Sisi tunabeba viroba vya nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Mkimbiaji anabeba uzito wake mwenyewe kwa kilomita 42, kila gramu ya paja isiyo na kazi inamlipisha nauli. Anahitaji nguvu isiyo na unene, na sehemu ile ya mwanzo tuliyoiona Agosti, ya kuita nyuzi, ndiyo inayomfaa. Sisi tunabebwa na maji, lakini si bure: mtumbwi wenye watu wazito unazama zaidi na unasukuma maji mengi zaidi. Kwa hiyo nasi hatutaki nyama isiyovuta. Kulia 1 alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema viroba vyangu bado ni vizito.

Jumapili, 21 Septemba

Giza. Zoezi moja, seti mbili. Kopo moja limepasuka weldi likaanguka sentimita chache kutoka mguu wa Kushoto 5. Weldi ni yangu. Nimechomelea upya yote tisa na kupitisha nondo katikati ya zege.

Jumapili, 5 Oktoba

Kipimo cha mwisho, wiki kumi na tatu. Springi nilibadilisha kwa gharama yangu, maji yamesoma 20 sawasawa.

Mkono uliokuwa dhaifu: kutoka kilo 21.8 hadi 28.0, kutoka sentimita 29.6 hadi 30.6. Uliokuwa na nguvu: kutoka 23.9 hadi 28.1, kutoka 30.2 hadi 30.7. Kaa wetu amepata magando mawili. Paja: kutoka sentimita 51.8 hadi 53.1, na msukumo wa mguu kutoka kilo 54 hadi 66.

Sentimita moja inaonekana kama dharau kwa miezi mitatu ya jasho, na Kushoto 3 aliichukulia hivyo. Nikamchorea duara chini. Nguvu ya msuli inafuata eneo la kata yake, yaani ukiukata kama mhogo uone uso wake, na si mzingo wa nje. Mzingo ukikua kwa asilimia 3.4, eneo linakua kwa karibu mara mbili ya hapo: kutoka sentimita za mraba 69.7 hadi 74.5, asilimia 7 hivi. Na ndani ya duara lile kuna mfupa ambao haujakua, kwa hiyo msuli wenyewe umekua zaidi ya asilimia hiyo. Wajapani Ikai na Fukunaga walipima mwaka 1968 wakakuta misuli inayokunja mkono inatoa kama kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba, kwa wanaume na wanawake karibu sawa.

Hata hivyo asilimia 28 za nguvu hazitoshi kuelezwa na asilimia 7 za eneo. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu, na sehemu nyingine ni kwamba wamekuwa hodari wa kuvuta mzani wangu, kitu ambacho hakina kombe.

Ndiyo maana mchana tuliingia majini. Mita 500 kwenda na 500 kurudi, ili upepo wa kusi utudhulumu upande mmoja na kutulipa upande wa pili. Julai tukiwa hawa hawa tisa tulitumia jumla ya dakika 6 na sekunde 22. Leo dakika 6 na sekunde 9. Sekunde 13. Sehemu kubwa naiona kwenye makafi matano ya kwanza, pale mtumbwi unapotoka kusimama. Ukishashika mwendo, tofauti ni ndogo, huko kazi ni ya mapafu. Na sitazihesabu zote kwa vyuma. Miezi mitatu ya kupiga kafi pamoja nayo inadai sehemu yake.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudisha mzani. Wakala, ambaye miaka yote amekuwa akituita watoto wa zege, akaomba naye apimwe kwanza. Ana miaka hamsini na kitu, hajawahi kugusa kopo. Mkono wake sentimita 28.9, mwembamba kuliko wa kijana yeyote kati ya tisa. Akavuta kilo 31. Vijana wakapiga kelele hadi muuza uji akaja kuona.

Nilipima kigasha chake. Kutoka kwenye kiwiko hadi mkandani ni sentimita 23. Vijana wastani wao ni 25 na nusu. Nguvu ya kuzungusha kiwiko ni kilo mara urefu huo: 23 mara 31 inatoka 713. Wao, 25.5 mara 28, inatoka 714.

"Mzee," nikamwambia, "mmetoka sare."

Akaangalia daftari, akaangalia vijana, akauliza springi mpya nimeinunua wapi.